Mfungwa, Mahabusu na Mtu wa Kizuizini

Leo nataka kuwaeleza mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya kuwa jambo moja.

Mfungwa ni mtu aliyehukumiwa. Ajua kosa lake na muda wake. Mahabusu angojea hukumu. Lakini mtu wa kizuizini hushikwa kwa amri ya mtawala tu: hana hakimu, wala hajui siku ya kutoka.

Amri ya namna hii haikuanza jana. Mwaka 1921 Waingereza waliweka sheria katika Tanganyika iliyompa Gavana uwezo wa kumhamisha mtu kwa nguvu mbali na kwao. Baada ya uhuru, Bunge likatunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, ikampa Rais uwezo wa kumzuia mtu pasipo mashitaka. Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri, alishikwa mwaka 1972, akafunguliwa mwaka 1978. Katika miaka hiyo hakusimamishwa mbele ya mahakama yo yote ya Bara. Na huko Unguja alihukumiwa kufa, naye mwenyewe hayupo.

Mtawala apata faida gani? Akiingia mmoja, mia hunyamaza. Jirani huogopa hata kumjulia hali mke wa aliyeshikwa.

Umahabusu nao waweza kuwa mrefu. Watu wa Mungaa wamjua vema Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge wa Singida Mashariki tangu mwaka 2010 hata 2019. Tarehe 9 Aprili 2025, akiwa mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mbinga, na kesho yake akashitakiwa uhaini. Mashitaka yalisema kwamba alichochea watu wazuie uchaguzi, yeye alikana. Kuamua ukweli wa neno hili ni kazi ya mahakama. Lakini shitaka la uhaini halina dhamana. Kwa hiyo siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, alikuwa angali ndani, na hukumu haijatolewa. Hivyo mshitakiwa hupoteza siku zake kabla hajajulikana kuwa ana hatia, na hata akishinda kesi, siku zile hazirudi.

Basi, msikiapo kwamba fulani ameshikwa, ulizeni maneno matatu: Ni nani aliyeamuru? Kwa kosa gani? Atasikilizwa lini? Raia ana haki ya kujibiwa yote matatu.