Chaji ya Simu kwenye Bodaboda: Umeme Upo, Kasoro Iko kwenye Waya

Simu ya dereva wa bodaboda anayepata abiria kupitia programu ya usafiri haipumziki. Kioo huwaka kwa mwanga wa mwisho ili kionekane juani, GPS haiachi kusaka setilaiti, data haikatwi, na abiria akishashuka simu inaendelea kusubiri oda nyingine. Ikitumika hivyo, simu ya kawaida hula wati 3 hadi 5. Betri yake ya mAh 5,000 hubeba takriban wati-saa 19, kwa hiyo ikitoka nyumbani imejaa hudumu kati ya saa 4 na 6. Siku ya kazi ni ndefu kuliko hapo. Simu ikizima, dereva amefunga duka: oda haziingii, pini ya abiria haionekani, na ujumbe wa malipo hausomeki.

Mahitaji haya yalikua pamoja na programu zenyewe. SafeBoda ilianza Kampala mwaka 2014, na Uber ikaingiza huduma yake ya pikipiki Kampala na Nairobi mwaka 2018. Kabla ya hapo chaji ya simu lilikuwa suala la mawasiliano; dereva alijua njia, au alimuuliza mangi wa duka la kona. Sasa ni nyenzo ya kazi kama petroli, tofauti ikiwa kwamba gharama yake haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Umeme wenyewe ni rahisi mno. Injini ya pikipiki huzalisha umeme kwa koili zinazozungukwa na sumaku, kifaa cha kurekebisha huugeuza na kuudhibiti kwenye volti 14 hivi, kisha huingia kwenye betri ya volti 12. Chaja inayotoa volti 5 na ampea 2 huchukua chini kidogo ya ampea 1 kutoka kwenye betri hiyo, wakati taa kubwa ya wati 35 huchukua karibu ampea 3. Kwa makadirio, simu inayochajiwa mchana kutwa barabarani hula petroli isiyozidi kikombe kimoja kidogo cha kahawa ya mtaani. Hakuna dereva atakayefilisika kwa hilo.

Hasara iko kwingine. Chaja za pikipiki huuzwa kwa wingi Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, nazo hazilingani kwa ubora. Mbili zinaweza kufanana kwa sura, moja ikiwa na ampea 2 kweli na nyingine ikiwa nazo kwenye maandishi tu. Ile dhaifu huonyesha alama ya chaji huku asilimia zikishuka taratibu, na dereva huilaumu simu.

Ufungaji nao una makosa yake. Fundi mwenye haraka hupenda kudaka umeme kwenye waya wa taa kubwa kwa sababu uko karibu na usukani. Katika baadhi ya pikipiki za bei nafuu taa hiyo hulishwa moja kwa moja na koili za injini, si betri. Umeme wake hugeuka-geuka mwelekeo na hupanda na kushuka na mwendo, na chaja haikuundwa kwa hali hiyo. Kuunga moja kwa moja kwenye betri ni salama zaidi, lakini chaja yenye kitaa kinachokunywa milliampea 20 usiku na mchana huondoa karibu nusu ampea-saa kila siku, yaani moja ya kumi ya betri ya ampea-saa 5. Pikipiki ikilala siku kadhaa, stata haiitiki. Ufungaji mzuri hupitia kwenye swichi ya ufunguo, ukiwa na fyuzi ndogo karibu na betri. Fyuzi ndiyo kitu cha bei ya chini kuliko vyote katika kazi hii, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Kisha kuna jua, mvua na mtikisiko. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na simu iliyofungiwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya usukani saa saba mchana hufika huko bila shida. Nyingi hujilinda kwa kufifisha kioo au kukataa chaji, ndiyo maana chaja ya kasi si lazima iwe bora kwa kazi hii. Mvua huleta kutu kwenye tundu la simu, hasa waya ukiwa na umeme. Kuhusu mtikisiko, Apple ilitahadharisha mwaka 2021 kwamba mitetemo ya injini kubwa za pikipiki inaweza kudhoofisha kamera za iPhone, na ikashauri kishikio cha kupunguza mitetemo hata kwa pikipiki ndogo.

Wengi hukwepa yote hayo kwa pawabenki mfukoni. Sababu si ufundi tu, ni umiliki. Dereva anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki hana hamu ya kugharamia chaja itakayobaki kwenye chombo cha mtu siku mkataba ukivunjika, na mwenye chombo hapendi nyaya zake zikatwe. Pawabenki huondoka na mwenyewe. Yenye mAh 10,000 huijaza simu mara moja na nusu hivi, si mara mbili kama hesabu ya haraka inavyodai, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea wakati wa kubadilishwa volti.

Pikipiki za umeme, kama za Ampersand ya Kigali na Roam ya Nairobi, zinabadilisha hesabu kidogo. Betri ya kilowati-saa 3 huilisha simu siku nzima kwa takriban asilimia 2 ya umeme wake, sawa na mwendo wa kilomita 2 hivi. Volti zake ni kubwa mno kwa chaja ya kawaida, hivyo umeme wa simu hupitia kifaa cha kushusha volti kinacholisha pia taa na honi. Fundi aliyezoea kudaka waya wowote ulio karibu hapaswi kuugusa ule wa betri kuu.