Karamu ya Kumuaga Anayehama

Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma, azma ambayo chama cha TANU kiliiweka mwaka 1973 na ikakawia kutimia kwa miaka zaidi ya arobaini, mitaa ya Dar es Salaam imeagana na wakazi wengi kuliko ilivyozoea. Barua ya uhamisho humfikia karani, mhasibu au dereva wa wizara, naye huanza kufunga vyombo. Na wale aliokuwa akisali nao, akicheza nao bao na kukopeshana nao sukari, hukutana barazani kushauriana namna ya kumuaga. Shauri hilo ni jema, lakini aghalabu huharibika kwa sababu moja: watayarishaji husahau kwamba shughuli ni ya anayeondoka, wakaigeuza kuwa fakhari yao wenyewe.

Wapo wasemao kwamba siku hizi kuagana si lazima, kwa kuwa treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024 huimaliza njia hiyo kwa muda wa saa nne hivi, na simu humleta msafiri masikioni kila jioni. Hoja yao ingekuwa na nguvu kama tungekuwa tunaagana na sauti tu. Kinachokatika ni ujirani: bega la kupokea jeneza, mtu wa kugongewa mlango usiku wa manane mtoto akizidiwa, mwaminifu wa kuachiwa ufunguo wa nyumba, na hayo hayasafiri kwa treni wala kwa simu.

Siku ya karamu ichaguliwe kwa kumuuliza mwenyewe na mkewe, au mumewe ikiwa anayehama ni mke. Usiku wa kuamkia safari haufai kabisa, maana nyumba imepinduliwa, sahani zimo makashani, lori linangojewa alfajiri, na mwenye kuagwa, ambaye hajalala usiku wa pili, hukaa kwenye kiti cha heshima akisinzia huku wenzake wakimsifu. Wiki moja kabla, Jumamosi baada ya sala ya alasiri, kila mtu huwa na wasaa. Ile desturi mpya ya kumshtukiza mtu kwa karamu ya siri siipendi. Anayehama ana mengi ya kutimiza, na huenda pilau likaiva ilhali yeye yuko Tanga, amekwenda kumuaga mama yake.

Mchango ndio wenye fitina. Kamati ya watu watatu yatosha: mwenyekiti, mweka hazina na mmoja ajuaye mambo ya jikoni. Fedha siku hizi hutumwa kwa simu, na orodha ya majina na viwango ikatangazwa mbele ya mtaa mzima, hata mama muuza maandazi aliyetoa alichojaliwa akaonekana mdogo kando ya mfanyabiashara. Mweka hazina na aiweke orodha hiyo kwake, atangaze jumla tu; na asiye na fedha apewe heshima ya kukuna nazi, kuchambua mchele au kutandika majamvi, kazi ambazo bila hizo hapana karamu.

Kuhusu chakula sina maneno mengi. Kilo moja ya mchele hushibisha watu wazima watano au sita, basi wageni hamsini huhitaji kilo kumi, pamoja na nyama, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na kachumbari ya kutosha. Sufuria na sahani ziazimwe kwa jirani mwingine, zisiazimwe kwa anayehama! Nimeliona likifanyika.

Hedaya ipimwe kwa mizigo ya msafiri. Kabati la vioo ni adhabu kwa mtu ambaye lori lake limekwisha kujaa. Dodoma iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mtu wa pwani hutetemeka huko. Blanketi zuri litakumbukwa. Minazi haistawi huko, kwa hiyo gunia dogo la nazi si zawadi ya kudharauliwa. Kanga pia hufaa, ila mnunuzi asome maneno yake kwanza, maana yako yaliyoandikwa kwa ajili ya wake wenza na si kwa kuagana.

Lakini kiini cha siku hiyo ni kutakana radhi. Madeni na vitu vilivyoazimwa virudishwe faraghani kabla ya karamu, asije mtu akadaiwa mbele ya wageni. Kisha mzee mmoja aseme, rafiki mmoja aseme, na anayehama ainuke aombe radhi kwa aliowakosea na kuwapa radhi waliomkosea. Hotuba zikizidi hapo, watu huanza kutazama sufuria. Baada ya dua, na kabla wageni hawajatawanyika, mweka hazina asome hesabu kwa sauti, kilichoingia na kilichotumika, na baki yote, hata ikiwa ndogo, itiwe katika bahasha akabidhiwe msafiri palepale, kwa sababu siku ya kwanza katika mji mgeni huwa na gharama ambazo barua ya uhamisho haikuzitaja.