Idhini bila Neno la Siri: Hati za Kijiprogramu Kilichopachikwa Ukurasani

Makala haya yanahusu namna programu ndogo iliyopachikwa ndani ya ukurasa wa tovuti moja inavyoruhusiwa kuchukua habari za mtu zilizohifadhiwa katika tovuti nyingine. Programu ya namna hiyo, ambayo yaweza kuonyesha kalenda, barua au picha, itaitwa hapa kijiprogramu. Tovuti inayokipokea itaitwa mwenyeji, na ile yenye habari zenyewe itaitwa mtoaji.

Kabla ya mwaka 2007 njia iliyoenea ilikuwa ya kikatili. Tovuti iliyotaka kusoma orodha ya marafiki wa mtu ilimwomba neno la siri la barua pepe yake, kisha ikaingia humo kwa jina lake. Aliyetoa neno hilo alikuwa ametoa kila kitu: uwezo wa kusoma, wa kufuta na wa kuandika kwa niaba yake. Kumnyang'anya mgeni uwezo huo kulihitaji kubadilisha neno lenyewe, na hapo programu nyingine zote zilizolitegemea zilifungiwa nje pamoja naye.

Kanuni za OAuth, ambazo toleo lake 1.0 lilikamilishwa Desemba 2007, zilikusudiwa kuondoa desturi hiyo. Mwezi mmodi kabla yake Google ilikuwa imetangaza OpenSocial, utaratibu wa pamoja wa kuandika vijiprogramu, nao ukurasa wake iGoogle ulivipokea vingi hadi ulipofungwa Novemba 2013. Mifumo hiyo miwili ilipokutana, swali la hati likawa la lazima.

Kazi huanzia kwa mtoaji. Mwandishi wa kijiprogramu hukiandikisha huko, akitaja jina lake na anwani ambayo mtumiaji atarudishiwa baada ya kukubali. Naye hupewa vitu viwili: kitambulisho, ambacho si siri, na ufunguo wa siri. Chini ya OAuth 1.0 ufunguo huo hausafirishwi pamoja na ombi. Hutumika kutengeneza saini, mara nyingi kwa hesabu iitwayo HMAC-SHA1, na kila ombi hubeba saa yake na namba isiyorudiwa ili aliyelinasa njiani asiweze kulituma tena.

Ufunguo huo uwekwe wapi? Hapa ndipo wengi walipokosea. Kijiprogramu hupakuliwa katika kompyuta ya kila mgeni, na mwenye kivinjari aweza kuyasoma maandishi yake yote. Siri iliyoandikwa humo imekwisha kuwa tangazo, hata ikipinduliwa herufi zake namna gani. Kwa hiyo ufunguo hukabidhiwa seva ya mwenyeji. Katika Shindig, programu huria iliyotekeleza OpenSocial, ulihifadhiwa katika faili la oauth.json, ambamo anwani ya kijiprogramu na jina la huduma viliunganishwa na kitambulisho, ufunguo na aina ya saini. Kijiprogramu chenyewe kilitaja tu jina la huduma na anwani tatu za mtoaji: ya kuombea, ya kuidhinishia na ya kupokelea kibali. Kilipohitaji habari kilimwomba mwenyeji, na seva yake ikatia saini na kutuma. Kwa kuwa hati zilifungwa kwenye anwani, aliyehamisha kijiprogramu bila kurekebisha faili hilo alikikuta hakina hati.

Inafaa kutofautisha maneno mawili ambayo wahandisi wenyewe huyachanganya: kutambua na kuidhinisha. Kumtambua mtu ni kujua kuwa ndiye. Kuidhinisha ni kuruhusu jambo fulani litendwe. OAuth ni ya jambo la pili. Kibali chaweza kuonyesha kuwa kalenda imeruhusiwa kusomwa, lakini si ushahidi wa nani aliyeketi mbele ya kompyuta. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2014 na OpenID Connect, iliyojengwa juu ya OAuth 2.0.

Ukurasa wa mtoaji wa kuombea ridhaa haufai kuonyeshwa ndani ya fremu ya kijiprogramu. Hufunguliwa katika dirisha lake, ili mtumiaji aione anwani na ajue ni nani anayemuuliza. Hata hivyo Aprili 2009 kasoro kubwa ilitangazwa: mdanganyifu aliweza kuanzisha ombi, akamshawishi mwingine aliidhinishe, kisha akalimalizia mwenyewe na kuvuna habari za huyo mwingine. Toleo 1.0a likatibu kasoro hiyo kwa kutaka anwani ya kurudia itajwe tangu mwanzo, na namba ya uthibitisho irudi kwa njia ya mtumiaji.

OAuth 2.0, ya Oktoba 2012, iliacha saini ikategemea usimbaji wa mawasiliano yenyewe. Kwa programu zisizoweza kutunza siri, PKCE ya mwaka 2015 ilileta njia nyingine: kila safari programu hubuni neno la bahati nasibu, hutanguliza alama iliyokokotolewa kutokana nalo, kisha hulifichua neno lenyewe wakati wa kupokea kibali. Waraka wa usalama RFC 9700, wa Januari 2025, unawataka waandishi wa programu hizo waitumie, na unakataza kabisa njia iliyokuwa imesalia ndani ya OAuth 2.0 ya programu kupokea neno la siri la mtumiaji.