Nani Ameshika Breki?

Saa nne kasoro dakika mbili usiku, Machi 18, 2018, mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara mjini Tempe, jimbo la Arizona, huku akikokota baiskeli. Hapakuwa na kivuko mahali pale. Gari aina ya Volvo, lililokuwa la majaribio la kampuni ya Uber, lilikuwa linakuja kwa mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa, na kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiliendesha. Nyuma ya usukani aliketi mfanyakazi mwenye kazi moja tu: kutazama barabara na kushika usukani mambo yakiharibika. Macho yake yalikuwa kwenye simu, akiangalia kipindi.

NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilichukua miezi 20 kuzichambua sekunde za mwisho za safari ile. Kompyuta ilimwona yule mama zikiwa zimebaki sekunde 5.6. Kwanza ikamdhania kuwa gari. Kisha ikasema ni kitu kingine tu. Kisha baiskeli, halafu tena kitu kingine. Kila ilipombadilisha jina, ilifuta kumbukumbu ya alikotoka, kwa hiyo haikuweza kukadiria anakokwenda. Jina la "mtu anayetembea kwa miguu" halikupata kutajwa, kwa sababu programu haikuandaliwa kufikiria kwamba mtu anaweza kuvuka pasipo na kivuko.

Zilipobaki sekunde 1.2, mashine ikatambua kwamba hatari ni ya kweli. Ikangoja sekunde moja nzima. Ndivyo ilivyopangwa: wahandisi hawakutaka gari liwe linakanyaga breki kwa kila kivuli, basi wakaiwekea subira. Volvo lenyewe lilitoka kiwandani na mfumo wake wa kufunga breki za dharura, lakini mfumo huo ulizimwa kila kompyuta ya Uber iliposhika usukani. Mwanamke yule alifariki dunia.

Mwaka 2024, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kiliwauliza watu wanalionaje gari linalojiendesha. Asilimia 66 walisema wanaliogopa, na asilimia 9 tu walisema wanaliamini. Mafundi wakisikia takwimu kama hizo huwa na jibu lao la siku zote: watu huogopa kila kipya. Hukumbusha kwamba Uingereza iliwahi kutunga sheria, mwaka 1865, iliyotaka mtu atangulie kwa miguu mbele ya gari akiwa na bendera nyekundu. Kichekesho kizuri. Ila anayekitoa hutaka msikilizaji acheke, asiulize bendera ya leo kaishika nani.

Arizona, kwa mfano, hakuna aliyekuwa ameishika. Desemba 2016, California iliyafutia usajili magari 16 ya Uber kwa kuwa kampuni ilikataa kuchukua kibali cha majaribio, kibali chenye ada ya dola 150. Magari yakapakiwa kwenye malori yakapelekwa Arizona, ambako gavana Doug Ducey aliyapokea kwa furaha. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa amri ya kurahisisha majaribio ya aina hiyo. Serikali ya shirikisho nayo ilikuwa ikiyaomba makampuni yaandike ripoti za usalama kwa hiari yao. Mwishoni mwa 2017, Uber ilipunguza wasimamizi ndani ya gari kutoka wawili hadi mmoja. Siku nane baada ya ajali, gavana yuleyule alisimamisha majaribio ya Uber.

Huyo msimamizi mmoja ndiye aliyepelekwa mahakamani. Mwaka 2023 alikiri kosa, akapewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya jela. Waendesha mashtaka walikuwa wameshaamua mapema kwamba kampuni haina jinai ya kujibu. Kutazama kipindi kazini ni kosa, hilo halina ubishi. Lakini kazi yenyewe aliyopewa, sayansi ilikuwa imeshaitolea onyo miaka 70 kabla.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza liligundua kwamba waangalizi wake wa rada, waliokuwa wakisaka manowari, walipitwa na alama zilizokuwa mbele ya macho yao. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akatengeneza saa isiyo na namba. Mshale wake uliruka hatua moja kila sekunde. Mara chache, bila taarifa, uliruka hatua mbili. Mtu aliketi saa mbili nzima akiutazama, na alitakiwa kubonyeza kitufe kila aonapo mruko wa mara mbili. Nusu saa tu ilitosha. Baada ya hapo watu, wenye afya na nia njema, walianza kukosa alama nyingi zaidi. Ubongo haukuumbwa kulinda kitu ambacho karibu kila mara kiko sawa. Na kadiri mashine inavyozidi kuwa nzuri, ndivyo mlinzi wake anavyozidi kusinzia.

Hapo ndipo penye utata wa mifumo ya kumsaidia dereva. Mei 7, 2016, karibu na Williston, Florida, gari la Tesla lililokuwa likitumia mfumo wa Autopilot liliingia chini ya tela la lori lililokuwa likikata barabara; dereva alikufa. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ilifunga jalada Januari 2017 ikisema haikuona kasoro. NTSB, miezi minane baadaye, ilisema muundo wa mfumo ulimruhusu dereva kuacha kuangalia kwa muda mrefu mno. Bodi hii huchunguza na kupendekeza tu, haina uwezo wa kuamrisha. Mwenye rungu ni NHTSA. Machi 1, 2019, huko Delray Beach, jimbo lilelile, Tesla nyingine ikaingia chini ya tela lililokatiza vilevile. Ilipofika Desemba 2023 ndipo magari ya Tesla zaidi ya milioni 2 yalipoitwa kurekebishwa, kwa programu iliyotumwa hewani. Na kwenye mfumo ambao jina lake linaahidi gari kujiendesha kikamilifu, kampuni imeongeza neno kwenye mabano: kwa usimamizi.

Wenye shaka, hata hivyo, hawako mtaani tu. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol waliishauri NASA isirushe chombo cha Challenger, kwa kuwa baridi ingeyafanya magumu yale mapete ya mpira yanayoziba viungo vya roketi. Wakubwa wao wakawageuka. Asubuhi chombo kiliruka, kikasambaratika baada ya sekunde 73, watu saba wakafa. Wiki mbili baadaye mwanafizikia Richard Feynman, mbele ya kamera, alibana kipande cha mpira ule kwa kibano, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokitoa na kukilegeza, mpira ulikawia kurudi katika umbo lake. Katika maelezo yake aliandika kwamba viongozi walikadiria uwezekano wa kupoteza chombo kuwa mara moja katika safari 100,000, na wahandisi mara moja katika 100. Vyombo vile viliruka mara 135, vikapotea viwili.

Leo safari nyingi za anga za juu ziko mikononi mwa makampuni binafsi. Tangu 2004 Bunge la Marekani limeizuia mamlaka ya anga, FAA, kuweka kanuni za usalama wa abiria wa roketi za makampuni hayo, ili biashara ipate nafasi ya kujifunza. Zuio limesogezwa mara kadhaa, sasa hadi Januari 2028. Abiria hutia saini kwamba ameelezwa hatari akaikubali. FAA imebaki na jukumu la kuwalinda walio chini.

Walio chini ni wengi. Desemba 30, 2024, mnamo saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, kitu ambacho kwa kawaida huungua angani au kuangukia baharini. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha ndiyo italipa hasara ya ardhini. Setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954 ilipoanguka Kanada mwaka 1978 pamoja na tanuri lake la nyuklia, Kanada ilidai zaidi ya dola zake milioni 6, ikalipwa 3. Lakini Kanada ilijua imdai nani. Mukuku ilibidi waanze kwa kuulizana pete ni ya nani.