Mtandao wa Rada na Uchunguzi wa Anga ya Juu ya Ncha za Dunia

1. Tabaka linalochunguzwa

Ionosfera ni sehemu ya angahewa inayoanzia takriban kilomita 60 juu ya ardhi na kuenea mamia ya kilomita. Humo miale ya jua huzing'oa elektroni katika atomi za hewa. Hewa hiyo iliyojaa chembe zenye umeme huitwa plazma. Karibu na ncha za dunia tabaka hilo lina hali ya pekee. Huko mistari ya uga wa sumaku wa dunia husimama karibu wima, na mingine huungana na uga unaoletwa na upepo wa jua. Nguvu itokayo huko huisukuma plazma kwa mwendo wa mamia ya mita kwa sekunde, na pengine zaidi ya kilomita moja.

Mwendo huo hauonekani kwa macho. Puto halifiki kimo hicho, na satelaiti hupima ule mstari mwembamba inamopita tu. Ndipo rada ilipohitajika.

2. Namna rada inavyofanya kazi

Rada hizi hutumia mawimbi mafupi, kati ya megahezi 8 na 20, kama yale ya redio zinazosikika kutoka nchi za mbali. Wimbi likiingia katika ionosfera hupindwa kidogo kidogo, hata likaikuta mistari ya sumaku kwa pembe mraba. Iwapo hapo pana mafundo ya plazma yaliyojipanga kwa kuifuata mistari hiyo, na nafasi kati yake ni nusu ya urefu wa wimbi, sehemu ndogo ya wimbi hurudi kama mwangwi. Kwa megahezi 10, wimbi lina urefu wa mita 30. Basi mafundo yanayoonekana ni yale yanayoachana kwa mita 15.

Muda wa kurudi kwa mwangwi huonyesha umbali. Mabadiliko ya idadi ya mitetemo yake, yaitwayo athari ya Doppler, huonyesha mwendo. Hata hivyo, rada moja hujua tu kama plazma inaijia au inaiacha. Ikikata njia mbele yake, haipati habari. Rada ya pili ikitazama mahali pale pale kutoka upande mwingine, vipimo viwili kwa pamoja hutoa mwelekeo kamili.

3. Kukua kwa mtandao

Rada ya kwanza ya aina hii ilianza kazi mwaka 1983 huko Goose Bay, Kanada, chini ya Raymond Greenwald wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mwaka 1988 ilifuata ile ya Halley, kituo cha Uingereza huko Antaktika, ili miisho miwili ya mistari ile ile ya sumaku itazamwe kwa wakati mmoja. Mwaka 1995 mtandao ulikuwa tayari unajulikana kwa jina la SuperDARN. Afrika nayo imo: rada ya Afrika Kusini katika kituo cha SANAE, Antaktika, ilianza mwaka 1997. Leo rada zimezidi 30, na miongoni mwa nchi zinazoziendesha zimo pia Japani, Uchina, Ufaransa na Australia.

4. Faida na mipaka

Ramani za mtandao huonyesha plazma ikivuka ncha kutoka upande wa mchana kwenda wa usiku, kisha ikirudi kwa kuzunguka pande zote mbili, kama James Dungey alivyoeleza mwaka 1961. Ujuzi huo una manufaa ya kila siku. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya sumaku iliwaacha watu wapatao milioni 6 wa Quebec, Kanada, bila umeme kwa muda wa saa 9 hivi.

Lakini dhoruba kubwa hushuka kuelekea ikweta, nje ya upeo wa rada za ncha. Tena tabaka za chini huyameza mawimbi, na rada hunyamaza wakati ule inapohitajika zaidi. Ili kupunguza upungufu wa kwanza, tangu mwaka 2005, kwa kuanzia na Wallops Island nchini Marekani, zimejengwa rada mbali zaidi na ncha. Wa pili hauna dawa kamili, ila mahali rada moja inaponyamaza, nyingine huenda bado inasikia. Kwa hiyo vipimo huwekwa pamoja, kwani hakuna taifa linaloweza kuiona anga hiyo yote peke yake.