JE, WAJUA? Injini kubwa bila giaboksi yake ni hasara

Lori lisilo na turbo likipanda vilima vya Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, na shehena ya majani mabichi ya chai, halitoi nguvu zote lilizoundiwa. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini ya aina hiyo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Si ajabu mwenye lori atamani injini kubwa: kwa mfano, kuitoa 4D32 ya lita 3.6 kwenye Canter na kutia 4D33 ya lita 4.2.

Kufunga injini ndiyo kazi rahisi. Giaboksi ndiyo mtihani, kwa sababu kila moja ina kikomo cha msukumo wa kuzungusha inaoweza kuhimili. Tuseme injini inatoa nyutoni-mita 280 na gia ya kwanza ina uwiano wa 5.3 kwa 1: shafti itapokea karibu 1,480! Difu nayo huuzidisha tena. Meno ya giaboksi dhaifu hukatika hapo, lori likiwa mlimani na mzigo. Afadhali mno kununua giaboksi iliyotengenezewa injini hiyohiyo, pamoja na klachi yake, hata kama bei inauma.

Namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Ukibadilisha injini, ijulishe mamlaka ya usafiri, NTSA, ili rekodi irekebishwe.