Matumizi ya Zana za Mtandaoni za Katuni na Uundaji wa Wahusika katika Shule za Msingi: Mfano wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna zana za mtandaoni za kutengeneza katuni na kuunda wahusika zinavyoweza kutumika katika ufundishaji wa shule za msingi za mikoa ya Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba manufaa ya zana hizi hayatokani na mwanafunzi kutazama katuni, bali hutokana na yeye kumuunda mhusika na kumpa sauti. Makala inaonesha pia kuwa katika mazingira ya machimbo manufaa hayo huambatana na hatari ambayo mwalimu hana budi kuidhibiti.

1.0 Utangulizi

Katuni za kielimu si jambo geni nchini Tanzania. Tangu 2014, vipindi vya Ubongo Kids, vinavyotengenezwa Dar es Salaam, vimefundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili kupitia televisheni. Kuhusu Akili and Me, kipindi cha watoto wadogo zaidi kutoka kwa watayarishaji haohao, utafiti wa Dina Borzekowski uliofanyika Morogoro na kuchapishwa 2018 ulionesha kuwa watoto waliokitazama walipata stadi za awali za kujifunza kuliko wale ambao hawakukitazama.

Hata hivyo, mtazamaji hupokea tu kile kilichokwisha kuundwa na wengine. Seymour Papert, katika kazi yake ya 1980, alisisitiza kuwa mtoto hujifunza kwa kina zaidi anapotengeneza kitu ambacho wengine wanaweza kukiona na kukijadili. Msimamo huo ndio uliozaa programu ya Scratch, iliyotolewa na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts 2007, ambayo humwezesha mtoto kuchora mhusika, kumwendesha na kumrekodia sauti. Programu hiyo inapatikana pia kwa Kiswahili.

2.0 Muktadha wa Shinyanga na Geita

Muktadha wa eneo hili una sifa mbili zinazogusa mada moja kwa moja. Ya kwanza ni lugha. Watoto wengi huanza shule wakiwa na Kisukuma kama lugha ya kwanza, ilhali lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Kisukuma hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kinavyofanya, na mtoto anayechekwa kwa kutamka "kalatasi" badala ya "karatasi" hujifunza upesi kunyamaza.

Ya pili ni uchimbaji. Kando ya migodi mikubwa kama Geita na Bulyanhulu kuna machimbo mengi ya wachimbaji wadogo. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya 2013, iliyohusisha Geita, Kahama na Chunya, ilieleza jinsi watoto walivyoshuka kwenye mashimo, kubeba na kuponda mawe, na kushika zebaki wakati wa kuchenjua dhahabu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi hatarishi za namna hiyo, lakini mwanafunzi aliyekosa masomo kwa sababu ya machimbo anajua kwamba kusema ukweli darasani kunaweza kumletea adhabu yeye au mzazi wake.

3.0 Mhusika kama Msemaji

Katika hali hizo mbili, mhusika humpa mtoto nafasi ya kusema bila kusimama yeye mwenyewe mbele ya darasa. Makosa ya matamshi huwa ya katuni. Hurekodiwa, husikilizwa na kurekebishwa mara nyingi bila aibu. Vilevile, sungura anayeeleza jinsi alivyosinzia darasani baada ya kubeba mawe usiku anaweza kusema jambo ambalo mtoto asingelisema kwa jina lake.

Mbinu hii ina mizizi katika utamaduni wa eneo. Katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, Wasukuma wametumia wanyama na vinyago vya mbao kuvuta hadhira, na katika ngano zao fisi na sungura hubeba maonyo yanayowahusu watu. Zana ya kidijiti, kwa hiyo, huendeleza desturi iliyopo.

4.0 Utekelezaji Darasani

Vikwazo vikuu ni umeme, intaneti na idadi ya vifaa. Kutegemea tovuti pekee ni hatari: zana nyingi za wahusika wanaozungumza zilijengwa juu ya Flash, programu ambayo Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Kinachofaa ni programu inayopakuliwa mara moja na kutumika bila mtandao, kama Scratch au ScratchJr. Kuhusu vifaa, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Kwa hiyo kifaa kimoja darasani si jambo lisilowezekana.

Kwa darasa la wanafunzi 45, makundi tisa ya watu watano yanaweza kupokezana kishikwambi kimoja. Kila kundi likipewa dakika 10, kazi hukamilika katika vipindi vitatu vya dakika 40. Sharti ni kwamba hadithi, mazungumzo na michoro viwe vimekamilika kwenye karatasi kabla ya kundi kushika kifaa. Kwa utaratibu huu sehemu kubwa ya ujifunzaji, yaani kutunga, kusoma na kusahihisha, hufanyika bila umeme.

5.0 Ujumuishi na Usalama

Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, yenye kitengo cha wanafunzi wenye ualbino, wasioona na viziwi, inadhihirisha kuwa zana moja haiwafai wote kwa namna moja. Kiziwi hunufaika na mwendo wa picha na maandishi. Mwenye uoni hafifu huhitaji herufi kubwa na kioo kisicho na mng'ao. Asiyeona anaweza kuwa mtunzi na mtoa sauti. Zaidi ya hayo, katika Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa sababu ya imani potofu, rangi ya mhusika ni suala la heshima na uhai. Mwalimu ahakikishe mhusika mwenye ualbino hageuzwi mzimu wala kichekesho.

Kuhusu usalama, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazipa taarifa za watoto ulinzi maalumu. Picha halisi, jina na sauti ya mwanafunzi havipaswi kupakiwa mtandaoni. Aidha, mhusika asigeuzwe mtego wa kuungamisha. Mwalimu akiuliza mbele ya wenzake, "Je, sungura huyu ni wewe?", kinga yote huvunjika. Dalili za ajira hatarishi zishughulikiwe faraghani, kupitia mwalimu wa ushauri na ofisi ya ustawi wa jamii.

6.0 Hitimisho

Zana za katuni haziwezi kumtoa mtoto shimoni wala kupunguza msongamano wa darasa. Zinaweza, hata hivyo, kumpa mwanafunzi aliyenyamazishwa na aibu ya lugha au hofu ya adhabu njia ya kusikika. Tathmini ya matumizi yake, kwa hiyo, izingatie ni watoto wangapi waliokuwa kimya sasa wanazungumza, na yale wanayoyasema yanapokelewaje na watu wazima.